Jibu: Kupotea mwimbaji anaponyamaza katika nyimbo za Ilaiyaraaja

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba katika nyimbo za filamu za Kitamili za Ilaiyaraaja, mtunzi wa muziki wa India, unaifurahia sauti ya mwimbaji, lakini anaponyamaza unapotea katika wingi wa fidla.

Kagua kwanza unasikilizia nini, kwa sababu spika ya simu humeza gitaa la besi, nalo hubeba sehemu kubwa ya utamu wa nyimbo hizi. Vaa spika za masikioni, uanze na "Ilaya Nila" ya mwaka 1982, aliyoiimba S. P. Balasubrahmanyam: fuata besi peke yake mpaka mwisho, kisha urudie ukilifuata gitaa linaloufungua wimbo. Mimi nilihitaji siku kadhaa kabla sijatambua kwamba besi ile haisindikizi tu, bali ina wimbo wake yenyewe chini ya ule wa mwimbaji.

Vipande vya ala baina ya pallavi, yaani kiitikio, na charanam, yaani beti, si pumziko hata kidogo; mara nyingi cha pili hakifanani na cha kwanza, kwani mtunzi huyu huwaandikia wapigaji sehemu zao kwa nota. Mashairi sitayagusa, maana Kitamili changu ni kidogo mno.