Jibu: Kwa nini 50 + 30 inaleta 5030

Kaka umeuliza mbona programu yako ya kujumlisha kilo za korosho ukiingiza 50 na 30 inakuletea 5030 badala ya 80, kompyuta yako haina shida yoyote. Kwenye Python 3 (toleo la sasa la lugha ya kuandikia programu) input(), ile amri inayopokea unachoandika, inarudisha maandishi siku zote, hata ukiandika namba yeye anaiona maandishi tu, na maandishi ukiyajumlisha yanagandana, ndo hiyo 5030. Ungeandika "50" * 3 (nyota ni alama ya kuzidisha) ungepata 505050, hapo ndo wengi wanachanganyikiwa kabisa.

Andika hivi:

kilo = float(input("Gunia la kwanza: "))

Nimeweka float (inageuza maandishi kuwa namba yenye desimali) makusudi, sio int (ya namba kamili tu), maana mizani ya ghalani haisomi namba kamili kila mara, gunia likija 79.5 int inaleta ValueError (erori ya thamani isiyokubalika) na programu inakata hapohapo. Tumia nukta, ukiandika 79,5 kwa mkato hata float inagoma.

Halafu angalia unajifunzia wapi. Kuna dogo hapa Masasi nilikaa naye jioni nzima print (amri ya kuonyesha kitu kwenye skrini) inamkatalia, kumbe pdf aliyorushiwa whatsapp ni ya Python 2, kule print haikuhitaji mabano na input() ilikuwa inageuza namba yenyewe, Python 3 imetoka 2008 ikabadilisha vyote hivyo.

Ukikwama tena bandika hapa kodi yote pamoja na ule mstari wa mwisho wa erori, huo ndo unaotaja kosa, usikate.