Rudi kanisani hata mikono mitupu

Mwaka ule mume wangu alipopatwa na kiharusi, bahasha zangu za ahadi ya sadaka kanisani zilikaa kwenye droo ya kabati la vyombo, zimefungwa kwa mpira, tupu. Kila nikivuta droo kuchukua kijiko, naziona. Ahadi niliiandika mwezi wa kwanza, duka letu la nafaka likiwa bado linatembea. Kufika mwezi wa sita duka halipo, mtaji umeishia kwenye dawa na nauli ya kumpeleka mgonjwa mazoezi ya viungo, nami nimeacha kwenda ibadani.

Watu walidhani nimepoa kiroho. Mungu nilikuwa namwamini bado. Nilikuwa naona aibu. Nimekuja kugundua tuko wengi. Mtu anayumba kidogo, anakosa cha kutia kwenye bahasha, anakosa Jumapili moja, ya pili, ya tatu, halafu anaona afadhali asionekane kabisa. Imani inanyauka hapo nyumbani, kimya kimya, wala hakuna aliyebishana naye kama Mungu yupo au hayupo.

Ndugu yangu, rudi mikono mitupu. Mimi nilimfuata mzee wa kanisa wa mtaa wetu nikiwa nimejiandaa kwa maelezo marefu ya ile ahadi. Akaniuliza jambo moja tu: "Baba anaweza kushika kijiko sasa?" Nililia pale pale kibarazani kwake.

Baada ya hapo bibi mmoja wa jumuiya yetu akaanza kuja. Anakuja na chupa ya uji, anamsalimia mgonjwa, kisha ananiambia, "Mwanangu, leta maharage nichambue." Anakaa kwenye kigoda na ungo magotini, anatoa vijiwe kimoja kimoja, hahubiri. Sala yake ya kuondoka ilikuwa fupi kuliko ya chakula. Rafiki za Ayubu nao walikaa naye chini siku 7 usiku na mchana bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi njema waliyoifanya. Waliharibu walipofungua mdomo. Kama una jirani mwenye msiba au mgonjwa, usiende kumtafutia sababu ya mateso yake. Nenda na uji.

Maana waliokuja na sababu walinijia pia. Mmoja aliniambia imani yangu ni ndogo, nipande mbegu, nitoe hata ile fedha ya dawa za presha, nitaona mkono wa Bwana. Karibu niitoe. Nasema hili kwa uchungu: mtu aliyebanwa hasikii kama mtu aliyetulia. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, yaani mateso ya mwilini, haukuondolewa. Akaambiwa neema inamtosha. Nani atasema Paulo hakuwa na imani? Ombewa, na dawa umeze kama daktari alivyoandika.

Kuna miezi sikuweza kuomba kabisa. Nikipiga magoti, maneno hayaji. Kilichonishika ni Zaburi ya 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Daudi anauliza "hata lini" mara 4 katika mistari 2 tu. Nilikuwa namgeuza mume wangu kitandani asipate vidonda, namfuta mgongo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, huku narudia, hata lini, hata lini. Hiyo ilikuwa sala yangu yote. Zaburi ya 88 yenyewe inaishia gizani, hakuna mstari wa kumalizia kwa shangwe, na bado imo katika kitabu cha sifa. Basi na wewe usimwekee Mungu sura ya Jumapili.

Na lala. Nabii Eliya alipokaa chini ya mti wa mretemu akiomba afe, malaika hakumkemea. Alimgusa, akamwambia inuka, ule. Akala, akalala tena. Nilipoisoma habari hiyo upya ndipo nilipopata ujasiri wa kumwomba wifi yangu akeshe na kaka yake siku 2 kwa wiki. Nilikuwa nadhani nimechoka kiroho, kumbe sijalala.

Mume wangu sasa anatembea kwa fimbo. Mkono wa kulia haujarudi sawasawa, na maneno yanamkwama. Akitaka maji ananyoosha kidole. Jumapili tunakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Mara ya kwanza tulivyorudi pamoja, kwaya ilianzisha wimbo tuliokuwa tukiuimba tangu utoto, nikasikia sauti upande wangu wa kushoto. Alikuwa anaimba, maneno yote, ubeti hadi ubeti, hakosei hata moja. Wimbo ulipokwisha alikaa, akaninyooshea kidole chupa ya maji.