Tupite I-70, au twende polepole?

SWALI: Shikamoo Mzee. Tunaishi Kansas City, Marekani, mwaka wa 11 sasa. Mwezi wa sita mimi na mume wangu tunatimiza miaka 25 ya ndoa, na binti yetu aliyeko Denver ametualika. Nataka twende kwa gari, polepole, siku tatu hivi, wawili tu. Mume wangu ni dereva wa malori. Anasema kwa barabara kuu ya I-70 ni mwendo wa saa tisa, na njiani hakuna cha kuona ila mahindi. Tena ana wasiwasi: sisi weusi, mimi navaa hijabu, huko vijijini watatupokeaje? Na chakula je? – Mama Salma

JIBU: Marahaba, Mama Salma. Kwanza mrekebishe Baba Salma: mnakokwenda nchi ni ya ngano. Mwezi wa sita mwishoni, magharibi ya Kansas imeshaiva, rangi yake kama andazi linapotolewa karaini, na kombaini zinavuna mpaka usiku kwa taa. Kuna vikosi vya wavunaji wa kukodiwa vinavyoanzia Texas mwezi wa tano, vikifuata ngano inavyoiva kuelekea kaskazini hadi karibu na mpaka wa Canada. Dereva wa malori atapenda kuona misafara yao.

Njia yenu ni barabara namba 24. Inakwenda sambamba na I-70, kaskazini yake, lakini hii inaingia mijini, haiikwepi. Mimi na mke wangu tuliipita mwaka niliostaafu kazi Wichita, huku huku Kansas. Kila mji unauona kabla hujaufikia: ghala la nafaka la zege, refu, jeupe, limesimama peke yake kama mnara wa msikiti. Ukiona mnara, shusha mwendo. Maili 65 zinageuka 30 ghafla, na askari anajua mgeni ni nani.

Karibu na Manhattan, ule mji wa Kansas, si wa New York, mtapita vilima vya Flint Hills. Chini ya udongo ni mawe matupu, jembe lilishindwa, ndiyo maana nyasi ndefu za asili zimebaki. Wafugaji huzichoma mwezi wa tatu na wa nne zichipue upya. Mke wangu akasema, kumbe na hawa huchoma nyika, mbona sisi tuliambiwa ni ushamba?

Laleni Beloit. Kesho yake, mwendo mfupi tu, mko Cawker City, na hapo nakuomba usikubali kuharakishwa. Kando ya barabara, chini ya banda lisilo na kuta, kuna donge la kamba ya katani, kubwa kuliko gari lenu, zaidi ya tani 8. Mkulima Frank Stoeber alianza kuviringisha vipande vya kamba za kufungia majani ya ng'ombe mwaka 1953, badala ya kuvitupa. Mwaka 1961 akaupa mji. Mpaka leo kila mwezi wa nane watu hukusanyika kuongezea kamba, na hata mgeni anaweza kuongeza yake.

Mke wangu ni mtoto wa Korogwe, baba yake alikuwa mkata mkonge. Alishuka garini, akaweka pua kwenye lile donge, akafumba macho. "Hii ya kwetu," akasema. Sikubishana. Mkonge wenyewe uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Hindorf, kutoka Florida, ukafika umekufa karibu wote, ikabaki miche 62. Kwa hiyo nani mwenyeji na nani mgeni pale, sijui. Tulikaa saa nzima kutazama kamba. Ningekuwa I-70 ningekuwa nimeshapita kaunti mbili.

Mbele, baada ya Stockton, kuna Nicodemus. Mji wa watu weusi, walioujenga kwa mikono yao wenyewe mwaka 1877, wengi wakitoka Kentucky, wengi waliozaliwa utumwani. Mwaka uliofuata akaja Willianna Hickman na mumewe mchungaji. Mumewe akamwonyesha: mji ndio ule. Mama wa watu anatazama, haoni nyumba, anaona moshi unatoka ardhini, maana watu waliishi kwenye mashimo waliyochimba. Akalia. Lakini walibaki. Mwaka 1888 reli ikapitishwa kando, biashara zikahama, na leo wakazi ni wachache sana, ila mwisho wa mwezi wa saba wajukuu hurudi kutoka kila upande kwa sherehe. Tangu 1996 ni eneo la kihistoria la taifa. Mke wangu aliposikia habari za yule mama alinitazama kwa jicho lile la Januari 1998, nilipompokea Wichita kwenye theluji.

Kuhusu kupokelewa, sitakudanganya: mkiingia mgahawani shingo zitageuka. Kisha mzee mmoja atauliza mmetoka wapi, mtajikuta mnaongea mvua. Barabarani, kila dereva anayekuja atainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Sisi tulidhani wanatuonyesha kasoro ya gari. Nilisimama mara mbili kukagua matairi. Ni salamu tu. Inueni na ninyi.

Chakula bebeni. Migahawa mingi hufunga saa nane mchana, na nyama ya halali hamtaipata. Sisi tulikuwa na chapati, kuku wa kukaanga kwenye kasha la barafu, na chupa mbili za chai. Karibu kila mji una bustani yenye meza na kivuli. Jazeni mafuta tangi likifika nusu, na jioni angalieni paa wavukao barabara. Hali ya hewa isikilizeni kila asubuhi. King'ora cha kimbunga kikilia ni kuingia ndani, si kupiga picha.

Kabla ya mji wa Goodland mtaingia ukanda mwingine wa saa, na saa itarudi nyuma, mtapata saa moja ya bure. Itumieni kulala. Denver ni mwendo wa asubuhi moja kutoka hapo.

Na Baba Salma akiendelea kununa, mwambie kurudi mtapita I-70, na usukani ni wake.