Hujui kuandika msimbo? Programu huria bado zinakuhitaji

Maswali ya watu mbalimbali, na majibu yake.

Nafundisha Kiswahili sekondari, Tanga. Programu huria zinanihusu nini?

Zinakuhusu sana, mwalimu. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, uko wazi, yeyote aweza kuutumia na kuubadilisha. Ila mtumiaji haoni msimbo, anaona maneno: hifadhi, futa, tendua. Hayo yanamtaka mjuzi wa lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Siku hizi LibreOffice, programu huria za ofisini pia, hutafsiriwa na watu wa kujitolea kwenye kivinjari: unasoma sentensi ya Kiingereza, unaandika yako chini yake. Alama kama %s usiziguse, maana hapo programu itajaza jina au namba. Linaloniuma ni ngeli. Ukurasa mmoja unasema "faili imefutwa", unaofuata "faili limefutwa", na fundi hodari wa kompyuta asiyejua Kiswahili hawezi kuliona kosa hilo. Wewe utaliona mara moja.

Kiingereza changu ni cha kubabaisha. Basi tena?

La, toa sauti yako. Katika Common Voice, mradi ulioanzishwa na shirika la Mozilla mwaka 2017, unasoma sentensi ya Kiswahili kwenye simu, na wengine wanaisikiliza na kuithibitisha. Rekodi hizo hufunza mashine kuelewa usemi. Lafudhi za Pemba, Mwanza na Lubumbashi zikikosekana, mashine itawaelewa watangazaji wa redio peke yao.

Programu huria ninayotumia dukani huzimika ghafla. Nikilalamika kwa waundaji wake nitakuwa nimesaidia?

Ndiyo, ukieleza vizuri: simu gani, toleo lipi, ulibonyeza nini, kikatokea nini. Ukituma picha ya skrini, ficha majina na namba za wateja.

Mimi ni mtu wa mitaani, kukaa mbele ya kompyuta siwezi.

Basi ramani ndiyo kazi yako. Kuanzia 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam walipita kwa miguu Tandale na kwingineko wakiingiza njia na mifereji katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ili maeneo ya mafuriko yajulikane. Picha ya setilaiti inaonyesha paa. Jina la kichochoro na mfereji ulioziba anavijua mkazi.

Kuna malipo?

Mara nyingi hakuna. Lakini tafsiri na ramani zako hubaki wazi zikiwa na jina lako, na unaweza kumwonyesha mwajiri.