Nina kitochi tu, jiji janja linanihusu?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mama ntilie hapa Kigogo, jirani kabisa na Mto Msimbazi. Kwenye mkutano wa mtaa tumeambiwa Dar inakuwa jiji janja: mtoni vitafungwa vipima maji na kamera, na wanatafutwa wakazi wa kujitolea kutoa taarifa mvua zikianza. Vijana wenye simu janja wameshajiandikisha. Mimi nina kitochi. Nikisema huwa najua mto unakuja kwa rangi na harufu ya maji, wananicheka. Nafasi yangu ipo kweli?
Mama Ntilie, Kigogo

JIBU: Marahaba mwanangu. Kajiandikishe kesho asubuhi, kabla hujabandika maharage.

Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, huko Kisarawe, na kumwaga baharini pale Selander. Mvua ikipiga huko juu, Kigogo jua linaweza kuwa linawaka na maji yakawafikia vilevile. Kipima maji kilichofungwa juu ya mto kitaliona hilo kabla yako, ndiyo maana nakitaka sana. Lakini hakijui kwamba kalavati la nyuma ya kibanda chako limezibwa na godoro na chupa, wala kwamba maji yakikosa njia yatageukia uchochoro anakolala bibi asiyeweza kutembea. Hayo unayajua wewe.

Tena si jambo geni hapa kwetu. Mwaka 2015 ulipoanza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi walipita mitaani pamoja na wakazi, wakachora nyumba, vichochoro na mitaro. Wakazi ndio walioonyesha maji hufika wapi. Ramani zikawekwa wazi, yeyote azitumie. Mimi niliyekula mkate wa upimaji ardhi hadi kustaafu nasema kazi ile ilikuwa bora kuliko ramani nyingi zilizochorwa ofisini.

Kuna jambo bado linaniuma. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40, baadhi ya familia za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Mwaka 2016 mwendokasi ukaanza, mabasi mazuri kweli, na karakana yake ikajengwa Jangwani, katika bonde lilelile la Msimbazi. Mvua kubwa zikija, Barabara ya Morogoro hufungwa pale na abiria wakakwama. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, kazi zake zikiwemo daraja jipya la Jangwani na kuihamisha karakana hiyo. Gharama yote hiyo, na mahali maji yanapofika palijulikana na kila mtoto wa Magomeni!

Kwa hiyo siku ya kujiandikisha usikae kimya. Uliza kama mfumo unapokea ujumbe mfupi wa kawaida na simu ya kupigwa, maana jirani zako wengi wana kitochi kama wewe. Kama mfumo unataka bando na simu ya kioo, sema mbele ya watu kwamba mfumo huo umewaacha wanaokaa karibu zaidi na mto.

Halafu uliza taarifa inarudi vipi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa. Ni maneno mazuri, lakini yanaeleza hali ya mkoa mzima. Nani atayageuza kuwa "toeni watoto nyumba za chini sasa hivi"? Atajwe kwa jina, awe mjumbe au mwenyekiti, na namba yake ibandikwe ukutani. Wakikujibu kwamba mfumo utatuma wenyewe, waulize umeme ukikatika saa nane usiku na mnara ukazima, nani anapuliza filimbi, na kipaza sauti cha msikiti kitawashwa kwa betri ya nani.