Barua kwa mwanangu: joho livae, hata kama sisi hatutakuwepo

Assalam alaykum mwanangu,

Natumai u mzima na mitihani imekwisha kwa salama. Sisi huku wazima alhamdulillah, mamako magoti yamsumbua kidogo lakini atembea, joto lishaanza na kaskazi bado haijavuma sawasawa, hivo usiku twalala madirisha wazi.

Ile voisi noti yako nimeisikiza mara tatu. Ya kwanza nilikuwa dukani cherehani yaenda sikushika vizuri, ya pili nikazima mashine kabisa, ya tatu usiku nimekaa na mamako. Umeuliza: Baba, kama nyinyi hamtaweza kuja, kuna haja gani mimi kuhudhuria konvo, hii sherehe ya mahafali ya chuo? Si nijaze fomu tu cheti kitumwe, pesa za joho na za picha niongeze kwa tiketi nirudi mapema, na joho lenyewe ni kitambaa tu ambacho nitakirudisha. Nikamwambia mamako hili silijibu kwa simu, ntaanza kusema kisha kredi iishe ama mteja aingie, acha nikae nimwandikie.

Jibu langu ni nenda. Vaa joho, panda jukwaani, jina lako lisomwe watu walisikie, kisha ndo ufikirie tiketi.

Sasa nikueleze kwa nini, na nianze na lile linaloniuma. Kakako alipomaliza chuo hapa hapa mjini wewe ulikuwa bado shule na sidhani wakumbuka. Alikuja dukani akaniambia Baba kuna pesa ya graduesheni yatakikana, na mimi wakati ule nilikuwa na deni la vitambaa na kodi ya duka imechelewa, nikamwambia achana na joho mwanangu, cha muhimu ni cheti, kilete cheti. Hakubishana, wamjua kakako. Baada ya miezi akaja na bahasha ya kaki. Nilikuwa nashona kanzu ya mtu ya ijumaa, mikono ina mafuta ya mashine, nikamwambia iweke hapo juu ya rafu nisije nikaichafua. Akaiweka akaondoka. Nimekuja kuifungua usiku, wallahi, baada ya isha, peke yangu, na yeye ashakwenda zake kulala. Miaka minne ya mtoto ikapita hivo, hakuna aliyepiga kigelegele, nyanyako hakujua mpaka wiki ya pili. Na mpaka leo kuna wazee pale msikitini huniuliza, huyu kijana wako amaliza lini? Huwajibu ashamaliza zamani na wao hushangaa, manake hawakusikia kitu. Nimeshamuomba radhi na akaniambia Baba usijali, lakini jambo hili halinitoki, na silirudii kwako.

Wewe wajua nikaha yataka nini. Walii, mashahidi wawili, mahari, ijabu na kabuli, yaweza kwisha kwa robo saa chumbani mlango umefungwa na ikawa sahihi kabisa. Lakini Mtume (S.A.W.) alihimiza nikaha itangazwe, na Abdulrahman bin Auf alipooa akamwambia afanye walima, karamu ya harusi, hata kwa mbuzi mmoja. Sasa kwani mbuzi aongeza nini kwenye nikaha? Ni watu wale, wajue, waombe dua, kesho wakikuona njiani wajue wewe ni mke wa fulani. Cheti chako ni kama ile nikaha, kishatimia siku ulomaliza mtihani wa mwisho. Konvo ndo walima yake.

Na hili la joho ni kitambaa tu, hapo mwanangu umeniambia mimi fundi. Kitambaa nakijua, thalathini na kitu miaka nakikata. Haya majoho ya vyuoni asili yake ni Ulaya ya zamani huko, vyuo vya baridi na wanafunzi wengi walikuwa watu wa kanisa, wakivaa nguo ndefu nzito wapate joto. Lakini sisi Waswahili tulipoyaona hatukutafuta jina jipya, tuliyaita joho, na joho kwetu ni nguo ya mtu alofikia daraja. Bwana harusi hupanda na joho lake, kilemba na jambia kiunoni, na akishuka huivua ile nguo na pengine yenyewe ameazima kwa ami yake. Sijaona mtu akamwambia bwana harusi joho si lako. Mimi mwenyewe nilioa na joho la kuazima, la marehemu jirani yetu wa Kibokoni, lilikuwa na darizi ya dhahabu kwenye kola imeanza kufumuka na nyanyako aliikaza kwa uzi wa manjano asubuhi ile ile nikiwa nishalivaa, nasikia sindano yapita karibu na shingo. Kwa hivo usinambie kitambaa tu.

Halafu kuna daftari. Hujawahi kuliona lile daftari la kijani la mamako kwa sababu alikuficha, alikuwa hataki uende Malaysia na mzigo wa majina kichwani. Leo nalifungua. Ulipopata nafasi pale Gombak, kwenye hicho Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu cha Malaysia, na sisi tuna nusu tu ya pesa za muhula wa kwanza, mamako alizunguka. Ami yako wa Dubai ametoa kubwa, hilo walijua. Lakini pia muna bibi wa ghorofa ya pili, yule anokaanga bajia, shilingi 200 kila mwezi kwa miaka miwili na ushei, amekosa mwezi mmoja tu nao ni ule alolazwa. Muna mzee wa kahawa wa barazani, 500, 500, kisha 1,000 siku ya Idd. Kibati cha kina mamako, ule mchezo wao wa kuchangiana pesa kwa zamu, walikupa zamu ya mwanzo ilhali haikuwa zamu yenu. Majina 41, nimeyahesabu. Hawa hawatauona huo ukumbi na cheti hata ukiwaonyesha wengine hawatasoma, ni Kiingereza, lakini wakikuona umevaa joho wataelewa papo hapo pesa yao ilikwenda wapi.

Na mambo haya si mapya hapa Mombasa. Babu yako, babangu, alisoma ufundi pale Tudor wakati bado ni MIOME, Mombasa Institute of Muslim Education, ile miaka ya hamsini, chuo kilojengwa kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki nzima, na kilijengwa kwa michango, Sultani wa Unguja akatoa, Aga Khan akatoa, Mabohora wakatoa. Madarasani alikaa na vijana wa Unguja na Tanganyika. Baadae 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, 1972 polytechnic, na 2013 ndo kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu, ile TUM ya leo, Technical University of Mombasa. Chuo chenu nacho naambiwa wazo lilitoka kwenye mkutano wa elimu ya Waislamu Makka mwaka wa 1977, kikafunguliwa 1983, watu wa mataifa kwa mataifa wanasoma kwa Kiingereza na Kiarabu. Babu yako angekiona angefurahi sana, manake kila siku alikuwa akisema alichojifunza bwenini kwa watu wa mbali ni sawa na alichojifunza karakanani.

Ndo maana zile habari zako za huko huwa nazipenda kuliko hata matokeo. Yule Mkomoro aloolewa katikati ya muhula na nyinyi mkampikia pilau kwa jiko moja la umeme, mchango mlofanya wa yule kijana alofiwa na babake akashindwa kwenda maziko, ile timu ya mpira ya Waafrika. Hao ndo jamaa zako kwa miaka minne. Sasa hapa nije kwa lile neno la mwisho ulosema kwa sauti ya chini, kwamba utakuwa peke yako wenzako wote na mama zao na mashada ya maua. Hilo nimelisikia na limenichoma. Lakini mwenzako wa chumba, yule msichana wa Sudan, wazazi wake wako wapi? Ulinambia toka vita vile vya Aprili 2023 nyumba yao ya Khartoum hawajairudia. Yeye naye nani atamshikia ua? Nendeni pamoja. Wewe umpige picha akipanda, yeye akupige, mkitoka mkale mahali pazuri, mamako ashasema chakula cha siku hio cha nyinyi wawili ni juu yake.

Na wamkumbuka yule kijana wa nyuma ya msikiti, alokuwa akisoma pale Khartoum, International University of Africa? Alikuwa mwaka wa mwisho. Alirudi na begi la mgongoni na viatu vya ndara, na mpaka leo karatasi zake hazijakaa sawa, ashaanza upya chuo kingine hapa. Huja dukani jioni. Nilipomwambia wewe wamaliza mwaka huu aliniuliza mara moja, konvo ni lini? Hakuuliza gredi wala kazi. Alitaka kujua tarehe. Nikitaka kukujibu swali lako huwa naona uso wa yule kijana.

Huku nako ndo msimu. Jumamosi nilipita Mama Ngina, pale ufukweni, kupeleka kanzu za watu, pamejaa wahitimu, wamevaa yale mataji ya karatasi za kumetameta mpaka shingo haionekani, familia zimeshuka na matuktuk na masufuria ya biriani. Kulikuwa na mama mmoja amevaa leso mbili na miguu mitupu, amevaa kofia ya pembe nne ya mwanawe, amesimama aangalia bahari, yeye na kofia yake, hataki kupigwa picha wala nini. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivotakiwa.

Basi mipango ni hii. Pesa za joho na picha nimeshampa ami yako, atakutumia mwisho wa wiki, na tiketi usiiwazie, hio ilikuwa imewekwa kando toka Ramadhani. Ukipata linki ya laivu itume mapema. Mukianza saa tatu asubuhi kwenu, hapa ni saa kumi alfajiri, na nishawaambia watu. Mzee wa kahawa aleta birika lake, bibi wa ghorofa ya pili asema atateremka na bajia usiku huo huo hata ngazi zikimshinda tutambeba, kakako ndo ataunganisha simu na ile TV kubwa ya jirani na yeye mwenyewe ameweka bando la siku nzima. Jina lako likisomwa vigelegele vitatoka kabla ya adhana, na imamu nimemuomba ruhusa, amesema yeye mwenyewe atakuwepo. Mamako ashakwenda Biashara Street mara mbili kutafuta leso za kuwagaia kina mama wa kibati utakaporudi, ameichagua yenye jina Wema hauozi, doti kumi na mbili ziko chini ya kitanda.

Sasa mambo ya kifundi, sikiza vizuri. Kile kitambaa cha rangi kinachokaa mgongoni ni kizito, na uzito wake wote uko nyuma, hivo huvuta joho zima kurudi nyuma na mbele hukukaba koo. Nimewaona wale wa Mama Ngina, kila dakika wanajivuta mbele, kwenye picha wote mkono uko shingoni. Kile kitambaa kina kitanzi kidogo cha uzi mbele, kile si pambo, ni cha kutiwa kwenye kifungo cha shati. Nyinyi wasichana baibui na gauni hazina kifungo hapo ndo mwateseka. Na ushungi usivae wa hariri, kofia itateleza, vaa wa pamba na ndani ya kofia utie vibanio viwili, kimoja kila upande.

Nakushonea gauni la kuvaa ndani, lile kitambaa cha buluu iloiva ulichokipenda mwaka juzi kilikuwa kimebaki mita tatu nikakiweka. Kifungo chake nitakitia palepale kwenye shimo la koo, kile cha lulu kilotoka kwenye kanzu ya babu yako, mamako alikuwa nacho ndani ya kopo la biskuti. Kuna mtoto wa mtaa wetu asafiri kuja huko Alhamisi ya wiki ijayo, amekubali kubeba. Kwa hivo kesho ukiamka chukua tepu, umwambie huyo mwenzako akupime, usijipime mwenyewe utakosea: shingo kuzunguka, bega kwa bega, na kutoka shimo la koo mpaka kifundo cha mguu ukiwa umevaa viatu utakavyovaa siku hio. Na vyake yeye pia vinitumie, nna kitambaa cha kutosha gauni mbili nikikata vizuri.

Babako