Maswali ya wasomaji: "Nataka kutibu simba, wenzangu wananicheka"

SWALI: Shikamoo mama. Mimi nasoma diploma ya afya ya mifugo na uzalishaji pale chuo cha mifugo cha LITA Mpwapwa, nipo mwaka wa pili. Tangu mdogo ndoto yangu ni kufanya kazi na wanyama wa zuu, simba, twiga, tembo na wengine. Sasa wenzangu wananicheka, wanasema we utaishia kwenye josho unaogesha ng'ombe, hao wa zuu wanataka madaktari wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wazungu. Je niache hii nihamie Mweka? Au nijipange niende Marekani maana nimeona kule kuna mateknishiani wa zuu kabisa? Nimechanganyikiwa mama. (Binti wa Dodoma)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza usiache chochote, upo kwenye njia yenyewe na hao wanaokucheka hawaijui. Mweka ni chuo kizuri sana, kipo tangu 1963 na kimetoa wahifadhi wa Afrika nzima, ila kinafundisha uhifadhi na usimamizi wa wanyamapori, Pasiansi nako Mwanza wanatoka askari wa wanyamapori. Wewe unataka tiba, unataka kushika sirinji na kusoma damu, na hiyo unaipata hapohapo ulipo.

Hilo josho wanalokutania nalo ndio shule yenyewe. Ukijua kutafuta mshipa kwa ng'ombe mtukutu anayerusha mateke, siku ukikutana na nyati aliyelala kwa dawa mkono wako hautatetemeka, maana ni jamaa mmoja wale, matumbo manne na hatari zilezile, akilalia ubavu vibaya gesi inajaa tumboni na chakula kinaweza kurudi kikaingia kwenye mapafu. Mbuzi anakufundisha swala. Paka wa jirani anakufundisha simba kuliko unavyofikiri. Kwahiyo kila mnyama unayepewa chuoni mshike kwa makini.

Sasa nikwambie kazi yenyewe ilivyo, maana wengi wanadhani ni kumbeba mtoto wa chui upigwe picha. Daktari ndiye anayepiga mshale wa dawa, ndiye anayepasua. Teknishiani ndiye anayemlinda mnyama asife akiwa usingizini. Chukua tembo. Akishaanguka unaangalia amelaliaje, akilalia kifua uzito wake mwenyewe unabana mapafu, anatakiwa alazwe ubavu haraka. Halafu unakwenda kwenye mkonga, unaunyoosha, unaweka kijiti kidogo kwenye ncha ili matundu yasizibane, sikio unalikunja lifunike jicho lisipigwe na jua, unamwagia maji maana joto linampanda, unashika mshipa wa nyuma ya sikio unahesabu mapigo huku jicho lako lipo kwenye mkonga unahesabu pumzi, na kila baada ya dakika chache unaandika. Hakuna anayekupiga picha hapo, lakini pumzi zikianza kupungua wewe ndio wa kwanza kujua na wewe ndio wa kupiga kelele.

Na hiyo dawa, mwanangu, iheshimu. Tembo, faru na twiga mara nyingi wanalazwa kwa etorfini, ni jamii moja na mofini ila ina nguvu mara maelfu, kiasi kidogo sana kikikuingia kwenye ngozi iliyochubuka au jichoni kinaweza kukuua. Ndio maana haifunguliwi ukiwa peke yako, glavu lazima, na dawa ya kumwamsha binadamu inawekwa mezani kabla chupa haijaguswa. Ukienda fildi, yaani mafunzo ya vitendo, mahali ukakuta wanaichezea, toka hapo, usione aibu, cheti kitapatikana kwingine.

Kazi nyingine haina mbwembwe kabisa. Asubuhi unachukua kinyesi kidogo cha pundamilia, unakikoroga na maji ya chumvi nyingi, unachuja, unaacha mayai ya minyoo yaelee juu yagande kwenye kioo, halafu hadubini. Kila siku hivyo. Mnyama wa porini anaficha ugonjwa, simba anaweza kuonekana mzima kabisa kumbe ana wiki anaumwa, kwahiyo kinyesi chake na sahani yake ndio vinakupa habari. Chakula nacho angalia sana, kuna watu wanamlisha mtoto wa simba nyama laini tupu bila mfupa wakidhani wanampenda, anakosa kalsiamu, miguu inapinda na mifupa inavunjika kirahisi. Na sokwe wanashika mafua na kifua kikuu kutoka kwetu, ukiamka na kikohozi siku hiyo huendi kwao hata kama una barakoa.

Kuhusu kuajiriwa nikuambie ukweli, nafasi ni chache. Bustani za wanyama kwetu zinahesabika, hata Saanane pale Mwanza iliyoanza 1964 kama zuu siku hizi ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Kwahiyo maliza diploma, jiandikishe Baraza la Veterinari maana bila hapo huruhusiwi kugusa tiba kisheria, na hata ukiandikishwa unafanya chini ya daktari. Halafu tumia vizuri fildi. Usisubiri chuo kikupangie halmashauri, andika barua mapema wewe mwenyewe, TAWIRI wanaofanya utafiti wa wanyamapori, TANAPA wenye hifadhi za taifa, Meserani Snake Park pale karibu na Arusha, na ukiweza kuvuka mpaka kuna kituo cha wanyamapori Entebbe kilichoanza 1952 kama nyumba ya wanyama yatima, wanapokea wanafunzi na wa kujitolea. Kwenye barua usiandike "napenda sana wanyama", kila mtu anaandika hivyo, andika unajua kupima nini maabara na umeshika wanyama gani. Mwenye mkono wa maabara anachukuliwa mbele ya mwenye mapenzi matupu.

Marekani ipo ila si mlango wa kwanza. Kule ili uitwe teknishiani unasoma chuo kilichoidhinishwa, unafanya mtihani wa taifa unaitwa VTNE, unapata leseni ya jimbo, na ubingwa wa wanyama wa zuu unakuja baada ya miaka mingi kazini. Diploma yako haikupeleki moja kwa moja kwenye huo mtihani, jiandae kusoma tena na kulipa ada za kule ambazo sio mchezo. Mimi ningekuwa wewe, ufaulu wako ukiwa mzuri ningeomba Sokoine kwanza.

SWALI: Habari. Niko Kilifi, nimemaliza fom foo, nataka kazi ya kutibu wale kobe wakubwa wa bustani ya Haller Park kule Mombasa. Lazima nisome ama nitafundishwa hapohapo?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Kulisha, kusafisha na kuangalia kobe, hiyo ni kazi ya mtunzaji na mengi unajifunza kazini, ni kazi ya heshima. Kutibu ni lazima usome, Kenya kuna sheria ya 2011 na bodi yake ya veterinari, bila kusajiliwa unavunja sheria. Ulizia vyuo vya afya ya mifugo vya AHITI, kipo Kabete, Nyahururu na Ndomba. Na kobe usimdharau kwa upole wake, damu yake inafuata joto la nje, dawa ileile siku ya baridi inafanya kazi polepole sana, mtu asiyejua anaongeza dozi ya pili kabla ya kwanza haijafanya kazi, anamuua.

SWALI: Mama, mwanangu yupo fildi kwenye bustani moja ya wanyama, juzi nyani amemng'ata kidole. Msimamizi kamwambia ni mchubuko tu, apake spiriti. Kweli?

JIBU: Hapana dada yangu, si kweli, na hili naomba usilisubirishe. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, hata kama ni juzi aoshe tu, halafu leo hii aende hospitali aseme wazi ameng'atwa na nyani. Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, ila chanjo ikiwahi inazuia. Dozi ni zaidi ya moja, azimalize zote hata kidole kikishapona, na aulizie chanjo ya pepopunda hapohapo. Huyo msimamizi alitakiwa awe ameshawachanja wanafunzi kabla hawajaingia kwenye banda, kwahiyo chuo kipigie simu leo, maana kuna watoto wengine wapo humo ndani sasa hivi.